Bandari Isiyo na Bahari: Upangaji wa Kituo cha Makasha cha Reli na Malori Jijini Nairobi

Utangulizi

Neno 'bandari' liliingia katika Kiswahili kutoka Kiajemi, na kwa karne nyingi halikuhitaji kivumishi chochote. Bandari ilikuwa mahali ambapo chombo hutia nanga, mzigo ukashushwa, ushuru ukalipwa na wachukuzi wakajitwika. Leo hii Wakenya husema 'bandari kavu' wala hapana anayeshtuka. Mwanafasihi ataona hapo tanakuzi, maneno mawili yanayosukumana. Kuli haoni ila mahali pa kazi. Bandari kavu iliyo mashuhuri zaidi nchini Kenya ipo Embakasi, jijini Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 470 kwa reli kutoka Mombasa. Imezungukwa na viwanda, uwanja wa ndege, mitaa ya mabanda na barabara ambazo tangu hapo hazikuwa na nafasi ya ziada.

Makala haya yananuia kueleza jinsi kituo cha aina hii kinavyofanya kazi, mambo ambayo mpangaji wa mji hana budi kuyapima kabla ya kukiweka mahali fulani, na sababu inayofanya uamuzi unaodhaniwa kuwa wa wahandisi peke yao ugeuke ugomvi wa riziki baina ya watu na watu, na hata baina ya mji na mji. Embakasi ndiyo mfano mkuu kwa kuwa yote hayo yamepata kutokea hapo, na mengi yake yametokea katika kipindi kifupi mno.

Kasha na gharama ya kulinyanyua

Msingi wa kituo ni kasha, au kontena kama wengi wanavyoliita. Mnamo tarehe 26 Aprili 1956 meli iliyoitwa Ideal-X iling'oa nanga huko Newark, Marekani, kuelekea Houston ikiwa na makasha 58. Aliyeipakia, Malcom McLean, hakuwa baharia bali mwenye malori, na pengine ndiyo maana aliliona jambo ambalo mabaharia hawakuliona: kwamba ghali si bahari wala barabara, ghali ni mahali ambapo mzigo unahama kutoka chombo kimoja hadi kingine. Kabla ya hapo gunia lilibebwa kama gunia na pipa likaviringishwa kama pipa. Tangu hapo mzigo ukafungiwa sandukuni, na sanduku ndilo likawa linahama, la futi 20 au la futi 40, lenye pembe zile zile ambazo kreni yoyote duniani inaweza kuzikamata.

Inafaa kutaja, ijapokuwa ni kutoka nje ya mada kidogo, kwamba lango la kituo hiki ni kamusi fupi ya historia ya pwani yetu. Bandari ni ya Waajemi. Forodha na ushuru ni za Waarabu. Kasha ni la Wareno. Gari ni la Wahindi. Reli na lori ni za Waingereza. Wachina, ambao ndio waliojenga reli mpya, bado hawajatuachia neno.

Kazi yote ya kituo cha reli na malori, basi, ni kunyanyua kasha kutoka kwenye behewa na kulitua juu ya lori, au kinyume chake. Kwa maelezo haya mtu atadhani ni kazi nyepesi. Tatizo ni kwamba kila mnyanyuo una bei. Lori linalotoka bandarini Mombasa moja kwa moja hadi bohari ya mfanyabiashara hupakiwa mara moja na kupakuliwa mara moja. Kasha linalokuja kwa garimoshi hupakiwa behewani Mombasa, huteremshwa Embakasi, hupangwa uwanjani juu ya makasha mengine, hupanguliwa linapotakiwa, kisha hutwikwa lori ili likamalizie safari ya mwisho ndani ya mji. Reli haina budi kuokoa fedha nyingi katika ile safari ndefu kiasi cha kuilipia minyanyuo yote hiyo pamoja na lile lori la mwisho. Kwa hivyo kituo kikiwekwa mbali sana na mabohari ya wateja, lori la mwisho hula faida yote iliyopatikana njiani. Kikiwekwa katikati ya mji, msongamano ndio unaoila. Utata wa upangaji umo katika kuitafuta nafasi iliyo kati ya hasara hizo mbili.

Nairobi yenyewe ni zao la kituo

Mara nyingi husemwa kwamba reli ilipita Nairobi. Ukweli ni kwamba hapakuwa na Nairobi ya kupitiwa. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika kwenye mbuga yenye kinamasi mnamo Mei 1899, na wahandisi wakaona kuwa pale ndipo penye ardhi tambarare ya mwisho kabla ya kuanza kupanda milima ya Wakikuyu. Maji yalikuwepo, nafasi ya kupanga mabehewa ilikuwepo, na hayo mawili yalitosha. Waliochagua mahali pale hawakuwa wakichagua makao ya watu mamilioni. Walichagua karakana. Mwaka wa 1902 tauni ilipozuka katika soko la Wahindi, mabanda yalichomwa moto, na hoja kwamba mji uhamishwe kwa sababu ya unyevu na uchafu ilisikika, ila haikufuatwa. Fedha zilikuwa zimekwisha kuzikwa ardhini kwa sura ya vyuma.

Historia hii ina uzito hata leo, kwani inadhihirisha tabia ya vituo vya reli: huvuta mji. Viwanda hukaribia reli, vibarua hukaribia viwanda, wauza chakula hukaribia vibarua, na baada ya miaka kadhaa kituo kilichojengwa pembezoni hujikuta katikati. Eneo la Viwanda la Nairobi lilipangwa kandokando ya reli, na baadhi ya viwanda vilikuwa na njia za reli zilizoingia hadi uani. Mtaa wa Mukuru ulikua palipo na ajira hizo. Kituo cha makasha cha Embakasi kilipofunguliwa mwaka wa 1984, kikiunganishwa na Mombasa kwa reli ile kongwe yenye upana wa mita moja, upande huo wa mashariki bado ulikuwa na uwazi mkubwa. Mpangaji anayekiweka kituo 'nje ya mji' na asiifunge ardhi inayokizunguka kwa sheria huwa amekiweka ndani ya mji. Amechelewesha tu tarehe.

Hesabu ya lango

Sehemu ya kituo inayoonekana kwa urahisi ni kreni. Sehemu inayoamua kama kituo kitafaulu au kitakwama ni lango.

Tuseme garimoshi moja limebeba makasha 100, na magarimoshi sita yanaingia kwa siku. Hayo ni makasha 600, na kwa kuwa lori moja aghalabu hubeba kasha moja la futi 40 au mawili ya futi 20, tukadirie kwa urahisi kasha moja kwa lori. Lango likifanya kazi saa zote 24, malori 25 yatatoka kila saa, yaani moja katika kila dakika mbili na nusu hivi. Mlinzi, karani na afisa wa forodha wanaweza kulimudu hilo bila kutoka jasho. Lakini ikiwa afisi za forodha na za mawakala hufunguliwa kwa saa 8 tu, malori yale yale 600 yanakuwa 75 kwa saa, lori moja katika kila sekunde 48. Garimoshi haliendi kulala jioni. Huendelea kushusha mzigo usiku kucha mbele ya lango lililofungwa.

Sasa ipimwe foleni. Lori na trela lake pamoja na nafasi ya mbele yake huchukua takriban mita 20 za barabara. Malori 75 yaliyozuiwa kwa saa moja, labda kwa sababu mtandao wa kompyuta umekatika, huunda mstari wa kilomita moja na nusu. Mstari huo hauko ndani ya kituo. Uko barabarani, mbele ya zahanati, shule na vituo vya matatu, nao wasafiri wasio na kasha hata moja ndio wanaoulipia kwa saa zao. Ndiyo maana kiwanja cha kuegesha malori, chenye ukubwa wa kumeza foleni ya saa mbili au tatu, si pambo la mchoro. Ni sehemu ya kituo kama zilivyo reli zenyewe. Kadhalika utaratibu wa kumpa kila dereva saa yake ya kuingia hugharimu kidogo kuliko barabara mpya, na huleta nafuu mapema zaidi.

Hesabu ya pili ni ya uwanja. Upanuzi wa Embakasi uliozinduliwa Desemba 2017 uliongeza uwezo wa kituo kutoka makasha 180,000 ya futi 20 kwa mwaka hadi 450,000. Idadi hiyo ya pili ikigawanywa kwa siku 365 inakuwa makasha 1,230 na kidogo kwa siku. Kasha likikaa uwanjani siku 4, panahitajika nafasi zisizofika 5,000. Likikaa siku 11, panahitajika nafasi zaidi ya 13,500. Uwanja haukupanuka wala kusinyaa. Kilichobadilika ni karatasi. Hivyo basi, mtu anayetaja uwezo wa kituo bila kutaja siku ambazo kasha hukaa humo hajasema lolote. Kuna hila nyingine tena: makasha hupangwa moja juu ya jingine, na uwanja unapojaa kupita kiasi, kulifikia lililo chini kunadai kuhamisha matatu au manne yaliyo juu. Kreni hufanya kazi kutwa, na malori hayatoki.

Ardhi, udongo na jirani

Garimoshi la mizigo katika reli mpya lina urefu unaokaribia kilomita moja. Njia za kupakulia zisipokuwa na urefu huo, halina budi kukatwa vipande viwili au vitatu, kila kipande kikasogezwa peke yake, na saa zikapotea. Njia hizo sharti ziwe sawasawa, zisizo na mteremko, kwani mabehewa yaliyosimama bila injini yakianza kujiendea hayasikii honi. Kipande cha ardhi kirefu, chembamba, tambarare, kinachogusa reli upande mmoja na barabara kuu upande wa pili, ndicho kinachotafutwa; na ndani ya mji wowote vipande vya namna hiyo huhesabika kwa vidole.

Nyanda za Embakasi ni tambarare, hilo halina ubishi. Udongo wake, hata hivyo, ni ule mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba masika na kupasuka kiangazi. Mashine ya kunyanyulia makasha, pamoja na kasha lililojaa, hukaribia tani 100 au kuzipita, na sehemu kubwa ya uzito huo hulemea magurudumu ya mbele. Barabara ya kawaida ya lami haistahimili. Hivyo udongo huondolewa au huimarishwa kwa kina kirefu na uwanja ukamwagiwa zege nene, kazi ambayo haipendezi kwenye picha za uzinduzi lakini hula sehemu nene ya bajeti.

Kisha kuna jirani. Kituo hufanya kazi usiku: taa kali, king'ora cha mashine inayorudi nyuma, mgongano wa chuma na chuma. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko karibu, na urefu wa kreni pamoja na mwanga wa taa ni mambo yasiyoweza kuamuliwa bila kuwauliza wasimamizi wa anga. Kusini mwa mji iko Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambayo reli ya kwenda Naivasha ilibidi kuivuka kwa daraja la kilomita zipatazo 6. Walio wanyonge zaidi katika ujirani huu ni wapangaji wa mitaa ya mabanda, kwa sababu barabara mpya ya malori inapohitajika, ni kwao ndiko kunakoonekana kuwa na 'nafasi'. Mwishoni mwa mwaka wa 2021 nyumba za maelfu ya wakaazi wa Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara. Haikuwa barabara ya kituo cha makasha, lakini ilitokana na fikira ile ile, kwamba njia za magari mazito zaweza kutafutwa baadaye, baada ya kila kitu kingine kupangwa. Zikitafutwa baadaye, humpata mtu amelala humo.

Agizo la 2019 na riziki ya Mombasa

Treni za mizigo za reli ya kisasa zilianza kazi rasmi Januari 2018. Mombasa ilituma mizigo kwa kasi kuliko Embakasi ilivyoweza kuitoa, na katika mwaka huo huo waagizaji wakaanza kulalamika juu ya mlundiko. Walioumia zaidi walikuwa wafanyabiashara wadogo wa mitaa kama Nyamakima. Hawa hawana mtaji wa kujaza kasha zima. Huchanga wakawa kumi au ishirini, kila mmoja na mabunda yake, kasha likawa moja. Bunda la mmoja wao likitiliwa shaka na forodha, kasha lote huzuiwa, na wale wengine wasio na hatia wakaendelea kulipia siku za uwanjani. Mchoro wa kituo haukuwa na mahali pa kulifungua kasha la watu ishirini na kulikagua bunda kwa bunda kwa haraka. Ulichorwa kwa kumfikiria mwagizaji mkubwa mwenye bohari na wakala wake.

Kulikuwa na shinikizo jingine. Reli ilijengwa kwa mkopo mkubwa kutoka China, na Mamlaka ya Bandari ilifungamana na mkataba wa kuihakikishia reli kiasi fulani cha shehena. Reli isiyopata mzigo haiwezi kulipa deni. Mnamo Agosti 2019 likatolewa agizo kwamba shehena zote za kwenda Nairobi na nchi za bara zisafirishwe kwa reli. Kwa mkazi wa Nairobi hii ilikuwa habari ya usafiri. Kwa mkazi wa Mombasa ilikuwa habari ya jikoni. Madereva, utingo, mafundi wa magurudumu, mawakala wa forodha, walinzi wa viwanja vya makasha, wenye mikahawa ya kandokando ya barabara kuu, wote waliona kazi yao ikipandishwa behewani. Maandamano yalifanyika Mombasa wiki baada ya wiki, na mapema Oktoba mwaka huo agizo likasitishwa. Mnamo Novemba 2020 Mahakama Kuu mjini Mombasa ililibatilisha. Na Septemba 2022 Rais William Ruto, siku ile ile ya kuapishwa kwake, alitangaza kwamba shughuli za kuondoshea mizigo zinarejeshwa Mombasa.

Wako wanaouona mfululizo huu kuwa ni siasa iliyoingilia uhandisi. Hoja hiyo haina nguvu. Kuamua kasha litafunguliwa wapi ni kuamua pia ni mji gani utakaopata ujira wa kulifungua, na uamuzi kama huo hauwezi kuwa wa uhandisi mtupu hata kama mwandishi wake anashika rula. Kosa la mipango ya Embakasi halikuwa kujenga bandari kavu. Lilikuwa kudhani kwamba mzigo utalazimishwa kwa waraka, badala ya kuvutwa na kituo kinachoutoa haraka na kwa bei nafuu kuliko lori.

Kusogea mbali zaidi

Tatizo la mji likishindikana, fikira ya kwanza ni kuuhama mji. Desemba 2019 kituo kingine kilizinduliwa karibu na Mai Mahiu, katika Bonde la Ufa, ambako reli mpya ilikomea. Hapo ardhi ipo tele na foleni haimzuii mtu kufika hospitalini. Lakini mzigo wa Uganda unaofika hapo kwa reli mpya, yenye upana wa milimita 1,435, hauna budi kuhamishiwa kwenye malori au kwenye reli kongwe ya milimita 1,000 ili uendelee hadi Malaba, na huo ni mnyanyuo mwingine wenye bei yake. Tanzania nayo ilifungua Bandari Kavu ya Kwala, mkoani Pwani, Julai 2025, ikikusudia kuipunguzia Dar es Salaam malori. Huko Marekani, kituo kikubwa kilichofunguliwa mwaka wa 2002 katika kijiji cha Elwood, mbali na katikati ya Chicago, kiliwapa wanakijiji malori mengi kuliko walivyotarajia kwenye barabara zilizojengwa kwa ajili ya mashamba. Umbali hupunguza msongamano wa jiji kuu, na mwingine ukazaliwa kule unakopelekwa usipopangiwa barabara zake.

Kwa Embakasi, kituo hakitahama. Kilichobaki ni kazi ndogondogo zisizokatiwa utepe. Lango na forodha zifanye kazi kwa saa zile zile garimoshi linazofanya. Pawepo jengo la kufungulia makasha ya wafanyabiashara wadogo. Makasha matupu nayo yatazamwe upya: Kenya huagiza bidhaa nyingi kuliko inazouza nje, kwa hivyo mengi hurudi Mombasa bila kitu. Yakikusanywa pembeni mwa kituo hicho hicho, lori lililoleta tupu litaondoka na lililojaa, na safari mbili za mjini zitakuwa moja.

Na pawepo kiwanja cha malori. Dereva anayesubiri Embakasi huweza kukaa usiku kucha ndani ya kabini, asithubutu kuliacha gari lenye mzigo wa mtu. Anahitaji mahali palipozungushiwa ukuta, maji, choo, banda la chakula na bao linalomwonyesha zamu yake imefika wapi. Leo huduma hizo anaziuziwa barabarani na akina mama wenye sufuria na majiko, ambao hufukuzwa na askari wa kaunti mchana na kurejea jioni foleni inaporefuka. Ekari chache ndani ya uzio zingewatosha wote, dereva na muuza chakula, na barabara ikabaki kwa wenye haja ya kupita.